Wakili Asiyesoma Humfunga Mteja Wake

Wakati wa kupigania vyama vingi, dhuluma ilikuwa na sura inayojulikana. Ilivaa sare, ilibeba rungu, nayo iliishi katika vyumba vya mateso vya Nyayo House. Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa mnamo Desemba 1991, wananchi wengi walitumaini kwamba sura hiyo ikiondoka, haki itaingia yenyewe na kuketi. Leo twataka kusema juu ya dhuluma ya aina nyingine, isiyokuwa na sare wala rungu. Hiyo huvaa suti nyeusi, hubeba faili kwapani, husimama mbele ya hakimu na kutamka sheria ambayo imekwisha kubadilishwa. Ni dhuluma ya wakili aliyeacha kusoma siku ile ile aliyoapishwa.

Twaandika haya tukiwa mawakili, nasi twaandika tukiitazama Kwale na pwani yote ya kusini, kuanzia Likoni hadi Lungalunga. Hatuna nia ya kuwavunjia heshima wenzetu. Wapo mawakili wanaovuka feri alfajiri kwenda kuwatetea maskini bila kulipwa hata nauli, na nchi inawawia deni. Lakini mageuzi yanayoogopa kuwakosoa walio ndani ya nyumba si mageuzi.

Ndugu wasomaji, tukumbuke tulikotoka. Katika kesi za Mwakenya za 1986 na 1987, washtakiwa walifikishwa mahakamani Nairobi baada ya siku nyingi za mateso, mara nyingi jioni wakati shughuli za mahakama zimekwisha, wasiwe na wakili. Walikiri na wakafungwa kwa muda wa dakika chache. Mnamo Agosti 1988 Katiba ikabadilishwa ili mtuhumiwa wa kosa la kunyongwa aweze kuzuiliwa siku 14 kabla ya kumwona hakimu. Pwani yetu nayo ilionja uchungu huo mwaka wa 1997. Baada ya shambulio la usiku wa tarehe 13 Agosti katika kituo cha polisi cha Likoni, msako ulienea katika vijiji vya Kwale, watu wengi wakakamatwa, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika habari za waliopigwa wakiwa mikononi mwa polisi.

Kwa sababu ya machungu hayo, wananchi walidai Katiba mpya, nayo ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 49 chaagiza mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika saa 24. Kifungu cha 50 champa haki ya kuchagua wakili, na pale ambapo kumwacha peke yake kungeleta dhuluma kubwa, Serikali ndiyo impe wakili. Champa pia mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha ya mahakama, jambo lenye uzito kwa mzee wa Kidigo au wa Kiduruma anayesomewa mashtaka kwa Kiingereza. Tena Kifungu cha 25 chasema haki ya kusikizwa kesi kwa usawa haiwezi kupunguzwa hata kidogo.

Lakini haki iliyo katika karatasi haina kinywa. Kinywa chake ni wakili. Na ikiwa kinywa hicho hakijui kilichoandikwa, mshtakiwa yu bubu kama alivyokuwa mwaka wa 1986, ingawa sasa amesimama pamoja na mtu aliyemlipa. Hata Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Strickland ya 1984, ilikubali kwamba haki ya kuwa na wakili ni haki ya kuwa na wakili anayetetea kwa umahiri unaostahili, wala haitimii kwa kuwa na mtu aliyeketi karibu.

Mtu atauliza: sheria hubadilika upesi kiasi hicho? Na tuangalie jambo moja tu, nalo ni adhabu. Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua katika kesi ya Muruatetu kwamba adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la kuua ni kinyume cha Katiba. Kote nchini wafungwa wa makosa mengine, wakiwamo wa wizi wa mabavu, walikimbilia mahakamani wakitaka adhabu zao zipimwe upya. Tarehe 6 Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu kosa la kuua peke yake. Mwaka wa 2022 Mahakama Kuu kule Machakos ikasema kwamba adhabu za chini za lazima katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 zinamfunga hakimu mikono kinyume cha Katiba. Kisha tarehe 12 Julai 2024, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba adhabu hizo ni halali, nayo ikarudisha kifungo cha miaka 20 ambacho Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekipunguza.

Basi chukueni mfano. Kijana wa Msambweni ashtakiwa kumnajisi msichana wa miaka 15. Yeye asema si yeye. Wakili wake, aliyesoma uamuzi wa 2022 na kuishia hapo, amshauri: "Kiri tu, hakimu ana uhuru wa kukuhurumia." Kijana akiri. Hakimu hana uhuru huo. Adhabu ya chini ni miaka 20. Na kwa kuwa amekiri mwenyewe, sheria ya mwenendo wa jinai yamfungia mlango wa kukata rufaa juu ya hatia. Aweza tu kulalamikia adhabu. Ataingia gerezani ana miaka 22, atoke akiwa mtu mzima mwenye mvi. Wakili, kwa upande wake, atarudi ofisini na kufungua faili nyingine.

Hatusemi hayo ili watenda maovu waponyoke. Twajua kwamba ripoti ya UNICEF na Serikali ya 2006 iliitaja Kwale, pamoja na Mombasa, Kilifi na Malindi, miongoni mwa mahali ambapo watoto wanatumiwa vibaya katika biashara ya utalii. Mtoto aliyedhulumiwa astahili haki kamili. Lakini kesi iliyoendeshwa ovyo haimsaidii hata yeye. Ikifika katika rufaa na kubatilishwa, huenda ikaamriwa ianzwe upya, na mtoto yule arudishwe kusimulia tena, mbele ya watu wageni, yale aliyotamani kuyasahau.

Mifano ni mingi. Hadi 2022, mtoto wa miaka 9 aliyeangua nazi katika shamba la watu aliweza kushtakiwa, maana umri wa kubeba hatia ulikuwa miaka 8. Sheria ya Watoto ya 2022 iliupandisha hadi miaka 12, na aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hana uwezo huo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Vivyo hivyo katika maungamo. Maungamo mbele ya polisi hayakubaliki ila yakiandikwa na afisa mwenye cheo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na pawepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa mwenyewe. Kanuni za 2009 zimeeleza utaratibu wote. Ni mawakili wangapi waliowaambia wachungaji na maimamu wa Ukunda kwamba wao waweza kuitwa kuwa mtu huyo wa tatu?

Kanuni za elimu endelevu za mawakili zipo. Kila mwaka wakili atakiwa kukusanya alama zisizopungua 5 ili apate cheti cha kuendelea na kazi. Hilo ni jema. Lakini alama ya semina ya kodi au ya mikataba ya ardhi huhesabiwa sawa na alama ya jinai. Kwa hiyo mtu aweza kutimiza alama zake zote bila kusikia neno moja juu ya dhamana, maungamo au adhabu, kisha Jumatatu akasimama kumtetea mtu anayekabiliwa na kifungo cha maisha. Tena semina nyingi ni za kulipia. Mkutano wa kila mwaka wa Chama cha Mawakili wa Kenya umefanyika Diani mara kadhaa katika miaka ya karibuni. Mawakili wa nchi nzima huja kusoma kando ya bahari, na mwendo mfupi kutoka hapo mahabusu wasio na wakili hungoja siku zao za kesi. Hatuwaonei wivu wenzetu upepo wa bahari. Twauliza tu: elimu hiyo yatoka lini hotelini na kufika kizimbani?

Wengine hujibu kwamba hakimu aijua sheria, naye atarekebisha makosa ya wakili. Hakimu si mtetezi, wala haruhusiwi kuwa mtetezi. Wengine husema rufaa ipo. Rufaa huchukua miaka, na miaka hiyo huliwa gerezani. Wapo pia wanaosema kwamba mawakili wa mashambani wana kazi nyingi na kipato kidogo. Hilo ni kweli, ndiyo maana hatuwaambii wasome zaidi halafu tukawaacha hapo. Majaji na mahakimu wana chuo chao cha mafunzo; viongozi wa mashtaka nao wanafunzwa na ofisi yao kwa fedha za umma. Wakili wa mtu maskini hujinunulia elimu mwenyewe. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Katika mahakama zetu kisu cha upande mmoja chanolewa na Serikali, na cha upande wa pili chaachwa kishike kutu.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Kwanza, wakili anayepokea kesi za jinai apate angalau nusu ya alama zake katika sheria ya jinai. Pili, mafunzo yaletwe Kwale, Ukunda na Msambweni, kwa ada nafuu, katika kumbi za makanisa, za shule na za kaunti, na kila uamuzi mkubwa wa Mahakama ya Juu ujadiliwe huko kabla ya miezi mitatu kupita, hakimu, kiongozi wa mashtaka, afisa wa probesheni na wakili wakiwa meza moja. Tatu, saa ambazo wakili kijana anamtetea maskini bila malipo, akisimamiwa na mkongwe, zihesabiwe kuwa alama. Hakuna darasa linalozidi hilo. Nne, Serikali itoe fedha za kutosha kutekeleza Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na sehemu ya fedha hizo iwanoe mawakili wanaopewa kesi za maskini.

Nanyi, wanaharakati na wanakanisa, msidhani kwamba jambo hili ni la mawakili peke yao. Mnachanga fedha za wakili kila mara kijana wa kijiji anapokamatwa. Anayechanga ana haki ya kuuliza. Muulizeni wakili maswali matatu kabla ya kumpa hata shilingi: Leo adhabu ya kosa hili ni ipi, na uamuzi wa karibuni kabisa unasemaje? Kijana wetu akikiri, atapoteza haki gani? Nawe, mara ya mwisho ulihudhuria lini mafunzo ya jinai? Wakili mwema hatakasirika. Atafurahi kwamba ameajiriwa na watu walio macho. Wasaidizi wa kisheria wa parokia na wa misikiti nao wajifunze mambo hayo ya msingi, ili mtu akikamatwa usiku, asubuhi apatikane wa kuuliza kama saa 24 zimepita.

Waumini waijua habari ya Paulo. Alipokuwa amekwisha kufungwa kamba tayari kwa mijeledi, alimwuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi asiyehukumiwa. Hakuwa na jeshi wala fedha. Alikuwa na swali moja la mtu anayeijua sheria, na mijeledi ikasimama. Mshtakiwa wa Kwale hakusoma sheria, naye hapaswi kuisoma ndipo aokoke. Amemkabidhi wakili kazi hiyo pamoja na uhuru wake. Chama cha Mawakili, tawi la Mombasa, lina wanachama wenye ujuzi na moyo wa kuyaanza haya. Na lianze Kwale, na lianze mwaka huu.