RABA YA "OG" YA LAKI MBILI, SOLI YABAKI NJIANI MORNINGSIDE!

Kuna mastaa wa Moro, majina kapuni, wamegeuza kurasa zao za Instagram kuwa maduka ya raba za zamani. Maneno ni yaleyale: OG, haijawahi kuvaliwa, ipo na boksi lake. Bei laki mbili. Madogo wa SUA na Mzumbe wanamalizia bumu hapo, wanapanda Morningside kupiga picha kwenye lile jengo la enzi za Wajerumani, na katikati ya mlima soli inameguka kama mkate uliolowa. Dogo akilalamika, anaambiwa amevaa vibaya. Akiendelea, anapigwa bloku.

Waache usanii. Raba nyingi za zamani, zikiwemo Air Jordan 3 ya 1988 na Air Jordan 4 ya 1989, zina soli ya katikati ya povu la poliyurethani. Adui wa povu hilo ni unyevu. Maji yaliyomo hewani yanalila polepole mpaka linakakamaa, linapasuka, mwisho linakuwa unga. Kukaa bila kuvaliwa hakuliokoi. Tena kiatu kilicholala kwenye boksi miaka mingi mara nyingi ndicho kinachooza haraka, maana unyevu unatuama ndani na hakuna mguu wa kuukamua. Kwa hiyo "haijawahi kuvaliwa" siyo sifa, ni onyo!

Na hapa ni Moro, siyo Dodoma. Upepo wa Bahari ya Hindi unagonga Uluguru na kumwaga mvua. Masika, Machi hadi Mei, hata nguo kabatini zinashika ukungu. Raba iliyotunzwa stoo ya namna hiyo itapona vipi? Ikishameguka, kuibandika tu hakusaidii, gundi haishiki kwenye unga.

Wapo wanaotetea kwamba mtumba ni mtumba, mnunuzi ajiongeze. Sawa, kwa raba ya elfu kumi na tano iliyomwagwa kwenye turubai, ambayo mtu anaikagua kwa mkono wake. Anayeuza kwa picha, tena anayepandisha bei kwa sababu kiatu ni cha kale, hawezi kuukana ukale huohuo siku soli inapoachia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na ustaa haumtoi mtu humo.

Kinachotakiwa ni kidogo tu. Mwaka wa kutengenezwa utajwe, kwenye raba nyingi upo kwenye lebo ya ndani. Iwekwe video ya kiatu kikikunjwa na soli ikibonyezwa kwa dole gumba. Halafu isemwe wazi: hii ni ya kuvaa au ni pambo la sebuleni.

Staa anayeogopa kukunja kiatu mbele ya kamera anajua vizuri anachouza. Madogo wasitume hela kabla hajakikunja.