Bima ya Dereva Mpya: Rahisi Huvunja Upishi

Jamaa ya askari inapopata gari lake la kwanza, furaha hutangulia na hesabu hufuata nyuma. Bei ya gari imekwisha kulipwa, mara nyingi kwa mkopo. Fedha za petroli zimetengwa. Inabaki bima, nayo hununuliwa kwa faranga zilizosalia mfukoni. Hapo mnunuzi huuliza swali moja tu: "Ipi iliyo ya bei ndogo kabisa?" Swali hilo si baya, ila halijatimia. Dereva aliyepata leseni juzi hana budi kuuliza na la pili: "Siku nitakapokosea, nani atalipa, na atalipa nini?"

Mji wa Gisenyi humjaribu sana dereva mgeni. Barabara itokayo Kigali kupitia Musanze hupanda na kushuka milima, kisha huteremka kuelekea Ziwa Kivu. Mjini dereva hukutana na pikipiki, baiskeli, na wachuuzi waendao kwa miguu, mizigo vichwani, kuelekea mpaka wa Goma. Mwanafunzi akichelewa kidogo kukanyaga breki, atakayeumia aweza kuwa mama anayelisha watoto wake kwa biashara ya siku ile ile.

Kwa ajili ya mtu huyo, sheria ya Rwanda ya mwaka 1975 ilimlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya kuwalipa watu wengine anaowadhuru. Mwaka huo huo ndipo kampuni ya SONARWA ilipoanzishwa. Mwaka 2001 sheria nyingine iliweka namna ya kuwalipa fidia watu walioumizwa mwilini katika ajali za magari. Bima hii ya lazima ndiyo watu waiitayo bima ndogo. Yafaa ieleweke vema: bima ndogo humlipa aliyegongwa, haitengenezi gari la aliyegonga. Wala bima ya matibabu ya askari haishiki nafasi yake, kwa kuwa hiyo humtibu askari na jamaa yake, si mpita njia.

Wako wanaodhani kwamba bila bima mambo yatapita, maadamu upo mfuko maalumu wa dhamana unaowafidia walioumizwa na magari yasiyo na bima au yasiyojulikana. Ni kweli mfuko huo upo, lakini uliwekwa kwa ajili ya majeruhi. Ukishalipa, waweza kumdai mwenye gari kile ulichotoa. Basi akwepaye ada ya mwaka mmoja aweza kujikuta na deni la miaka mingi.

Bima kubwa huongeza ulinzi wa gari lenyewe dhidi ya ajali, wizi na moto, kwa kadiri mkataba unavyosema. Je, dereva mpya aichukue? Jibu limo katika hesabu ya nyumba. Kwa mfano wa kufikirika, ikiwa bima kubwa yazidi ndogo kwa faranga 250,000 kwa mwaka, katika miaka minne nyongeza hiyo hufika 1,000,000. Kwa gari kuukuu la faranga 2,000,000, jamaa yenye akiba yaweza kuridhika na bima ndogo, na nyongeza ile ikaiweka benki kwa ajili ya matengenezo. Lakini ikiwa gari ni la faranga 8,000,000, nalo limenunuliwa kwa mkopo wa Zigama CSS, chama cha akiba na mikopo cha askari, mambo hugeuka. Gari likiharibika kabisa, makato ya mshahara hayakomi. Jamaa italipa kila mwezi bei ya gari isiyokuwa nalo. Hapo bima kubwa, ijapokuwa ghali, ndiyo iliyo rahisi.

Bei mbili za bima kubwa hazilinganishwi kwa tarakimu ya chini ya karatasi pekee. Mnunuzi aulize ni kiasi gani cha hasara atakachobeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Mkataba wa ada ndogo waweza kumwachia faranga 300,000 za kwanza, na wa ada kubwa kidogo ukamwachia 100,000. Kwa mtu ajifunzaye, ambaye mikwaruzo midogo humpata mara kwa mara, tofauti hiyo ni nzito kuliko punguzo la ada.

Jambo linalovunja nyumba nyingi zaidi ni jina la mwendeshaji. Baba hukata bima kwa jina lake, kisha humpa funguo kijana mwenye leseni ya muda. Nchini Rwanda leseni hiyo hudumu miaka 2, na mwenye nayo hapaswi kuendesha peke yake bila mwenye leseni kamili kando yake. Mikataba ya bima kwa kawaida humtaka dereva awe na leseni inayofaa na afuate masharti yake. Masharti yakivunjwa, kampuni yaweza kukataa kutengeneza gari, na ikiwa imemlipa majeruhi yaweza kumgeukia mwenye gari. Kwa hiyo kumtaja mwanafunzi mapema, hata kama ada itapanda, ni kununua amani.

Vivyo hivyo matumizi ya gari yatajwe kwa ukweli. Gari lililokatiwa bima ya matumizi ya nyumbani lisibebe abiria wa nauli siku za Jumamosi. Naye anayekusudia kuvuka kwenda Goma asidhani kwamba hati ya nyumbani inavuka pamoja naye. Aombe kabla ya safari Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Rwanda na Kongo zote zimo katika mpango wake. Hiyo hubeba dhamana kwa watu wengine katika nchi iliyotembelewa.

Njia za halali za kupunguza gharama zipo. Dereva mpya achague gari dogo la bei ya wastani, kwa maana ada ya bima kubwa hufuata thamani ya gari. Aulize kama lipo punguzo kwa anayemaliza mwaka bila ajali. Ikiwa anataka kulipia miezi mitatu mitatu, ajumlishe kwanza vipande vinne aone kama havikuzidi ada ya mwaka. Aombe bei kwa kampuni tatu zilizopewa idhini na Benki Kuu ya Rwanda, nazo zote aziulize maswali yale yale. Wakala asemapo "usiwe na shaka, afande, hilo nalo limo," amwombe kwa upole aonyeshe mstari wenyewe katika mkataba.

Mwisho, mume na mke wausome mkataba pamoja kabla ya kutia sahihi, waandike siku ya kwisha kwake katika kalenda ya ukutani, na nambari ya simu ya kampuni iwekwe garini. Askari aweza kuwa zamu au safarini siku ya ajali. Atakayebaki na gari, majeruhi na maswali ni mwenziwe wa nyumbani. Huyo asikutane na karatasi hiyo kwa mara ya kwanza akiwa kando ya barabara.