Hazina ya Maji Isigeuzwe Kuwa Mfuko wa Siasa



Mwaka 1974 serikali ya Kenya ilianzisha mpango mkuu wa maji, ikawaahidi wananchi kwamba ifikapo mwaka 2000 kila jamaa nchini itapata maji safi karibu na makao yake. Ahadi hiyo ikarudiwa majukwaani miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2000 ulifika, ukapita. Akina mama wengi wa miji midogo ya milimani waliendelea kuteremka mabondeni alfajiri na kupanda na mitungi mgongoni, ilhali juu yao imesimama misitu ya Mlima Kenya, Nyandarua, Mau, Cherangani na Elgon, ile mitano tunayoiita minara ya maji ya nchi yetu.

Swali letu ni rahisi kuulizwa na gumu kujibiwa: mji uliojengwa miguuni pa mlima hukosaje maji? Ukame una sehemu yake, na waharibifu wa misitu wana sehemu yao pia. Lakini katika miji mingi mto haujakauka. Kilichokauka ni mfereji. Na mara nyingi mfereji hukauka kwa sababu fedha zilizopaswa kuutengeneza zimepita njia nyingine. Tahariri hii inadai jambo moja: kwamba fedha za maji ziwe na hesabu yake yenyewe, iliyo wazi kwa kila mlipaji, na isiyoguswa na mkono wa mwanasiasa.

Tuanze na historia, kwa maana asiyejua alikojikwaa hurudi kujikwaa papo hapo. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria iliyoyanyang'anya mabaraza ya kaunti ya wakati ule kazi za elimu ya msingi, afya na barabara. Muda si mrefu kodi ya kichwa, iliyokuwa tegemeo la mabaraza mengi, ikafutwa. Waziri wa Serikali za Mitaa akabaki na mamlaka ya kuidhinisha makadirio ya fedha, kuteua baadhi ya madiwani, na hata kulivunja baraza lililochaguliwa na watu. Jiji la Nairobi lenyewe lilitawaliwa na tume ya kuteuliwa kuanzia mwaka 1983 hadi mwaka 1992, wala mkaazi hakuulizwa neno.

Kwa mabaraza machache yaliyoruhusiwa kuendesha maji, maji yalikuwa miongoni mwa vyanzo vichache vya mapato vilivyosalia. Yakageuka ng'ombe wa kukamwa bila kulishwa. Ada iliyolipwa dirishani iliingia katika hazina moja na kodi ya ploti na ushuru wa soko, na kutoka humo ikalipa mishahara iliyochelewa, posho za vikao na safari za wakubwa. Bomba lililopasuka lilingoja. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Wananchi walipoona mifereji imekauka, waliacha kulipa. Walipoacha kulipa, baraza likakosa hata fedha za dawa ya kusafishia maji. Hivyo ndivyo huduma inavyokufa: wizi mmoja mkubwa si lazima, hatua ndogo mia moja ambazo hakuna aliyetakiwa kuzitolea hesabu zatosha.

Sasa tuutazame mji mmoja uliojaribu njia tofauti. Mji wa Nyeri uko kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Maji ya Mto Chania hushuka kutoka msituni, husafishwa Kamakwa, kisha huingia mjini. Mwaka 1997, mwaka uleule ambao wabunge wa pande zote walikaa meza moja kujadili marekebisho ya sheria kabla ya uchaguzi mkuu, Baraza la Manispaa la Nyeri liliandikisha kampuni ya maji na maji taka, nayo ikaanza kazi mwaka 1998. Eldoret na Kericho zilikuwa katika safari hiyohiyo, kwa ushauri wa wataalamu kutoka Ujerumani.

Wako waliolalamika kwamba neno kampuni lilikuwa jina jingine la kuyauza maji ya umma. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa kuwa mali nyingi za umma zilikwisha kupotea kwa majina mazuri. Lakini kampuni ya Nyeri haikuuzwa kwa tajiri yeyote. Ilibaki mali ya baraza. Kilichobadilika ni kwamba ilikuwa na wakurugenzi wake, wafanyakazi wake na daftari lake la hesabu. Ada ya maji ikarudi kwenye maji. Kwa miaka mingi tangu mdhibiti wa huduma za maji alipoanza kutoa ripoti zake, kampuni hiyo imetajwa miongoni mwa zilizo bora nchini, na mara kadhaa imeshika nafasi ya kwanza.

Hatusemi kwamba Nyeri ni Bustani ya Edeni. Tunasema tu kwamba mlima ni uleule, mvua ni ileile, na watu ni walewale. Tofauti iliyoletwa ilikuwa katika utawala wa fedha.

Funzo hilo liliingia katika sheria za nchi. Sheria ya Maji ya 2002 ilitenga kazi ya kusimamia mito na kazi ya kusambaza maji, ikaweka mdhibiti wa huduma hizo. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, katika kifungu cha 43, ikatamka kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na Jedwali la Nne likazikabidhi serikali za kaunti kazi ya huduma za maji na usafi. Kisha Sheria ya Maji ya 2016 ikaagiza kwamba fedha zinazokusanywa kwa huduma ya maji zitumike kwa gharama za huduma hiyo na kwa ujenzi wa mitambo yake. Kwa lugha ya mwananchi: shilingi ya maji ni ya maji.

Mbona basi tunapiga kelele? Kwa sababu sheria iliyoandikwa haijilindi yenyewe. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza ya zamani yalifutwa. Meya akaenda, diwani akaenda, karani wa mji akaenda, na makampuni ya maji yakawa mali ya kaunti. Chini ya Sheria ya Miji na Majiji ya 2011, manispaa husimamiwa na bodi, wala si baraza lililopigiwa kura na wakaazi wote wa mji. Mji mdogo wa mlimani umepata gavana aliye na makao mbali na mwakilishi wa wadi mwenye vijiji vingi vya kuangalia, lakini umepoteza yule diwani ambaye mwananchi angemkuta sokoni na kumshika shati. Nafasi iliyoachwa wazi namna hiyo huwa haikosi wa kuiziba. Wakurugenzi wakiteuliwa kwa shukrani ya kampeni, na vijana wa chama wakiajiriwa kusoma mita ambazo hazipo, tutakuwa tumemwondoa mkoloni wa chama kimoja mlangoni na kumfungulia dirisha.

Si zamani sana mwandishi wa tahariri hii alihudhuria mkutano wa makadirio ya fedha katika mji mmoja wa mlimani ambao hatutautaja. Kitabu cha makadirio, chote kwa Kiingereza, kiligawanywa mlangoni asubuhi ileile. Watu hawakujaza viti vya safu mbili. Mama mmoja mzee alisimama akamwuliza afisa kwa heshima: "Mwanangu, maji yetu yako ukurasa gani?" Afisa akajibu, "Mama, hilo tutakujibu kwa maandishi." Mama aliketi. Saa sita kamili mkutano ulifungwa na ikaandikwa kwamba wananchi wameshirikishwa. Maandishi hayo hayajamfikia hadi leo.

Swali la mama huyo ndilo mageuzi yenyewe. Kura ya vyama vingi tuliyoipata baada ya kifungu cha 2A kuondolewa mwaka 1991 ilikuwa mlango tu. Nyumba yenyewe ni kujua kitabu kinasema nini na kuwa na nguvu ya kukisahihisha. Kwa hiyo tunawasihi wasomaji wetu katika kila mji wa mlimani waulize maswali haya bila kuchoka.

La kwanza, akaunti ya maji iko wapi, na nani hutia sahihi? Ikiwa ni moja na akaunti nyingine za kaunti, hapo ndipo pa kuanzia.

La pili, katika kila lita 100 zinazosafishwa, ni ngapi zinazolipiwa? Kwa nchi nzima, ripoti za mdhibiti zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya lita 40 hupotea kwa uvujaji, wizi na mita mbovu. Mji unaopoteza nusu ya maji yake hauhitaji kwanza bwawa jipya la mabilioni. Unahitaji fundi, ramani ya mabomba na mita. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo hujengwa kwa mkopo ambao wajukuu wetu watalipa.

La tatu, mpango wa mabomba umeitazama sura ya nchi? Mlimani maji hushuka kwa mserereko, bila gharama kubwa ya pampu, na hiyo ni baraka. Lakini maji yanayoshuka mteremko mrefu huongeza shinikizo na kupasua mabomba ya bondeni, ilhali nyumba za mgongoni hazipati hata tone. Bila matangi ya kupunguza shinikizo hilo katikati ya mteremko, kila bomba jipya litapasuka kama la zamani.

La nne, maji machafu yanakwenda wapi? Sisi wa juu tusisahau kwamba mto una watu wa chini. Mji unaotaka kulindiwa msitu hauna haki ya kumwagia jirani yake uchafu. Vyama vya watumiaji wa maji vya kila mto ndipo mahali pa kuzungumza jambo hili kindugu kabla halijafika mahakamani.

La tano, maskini analipa nini? Asiye na bomba nyumbani hununua maji kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni, na mara nyingi bei yake kwa lita hushinda ya tajiri mwenye mita. Vioski vya maji na ada nafuu kwa matumizi madogo viwemo katika mpango tangu mwanzo, visije vikaongezwa kama sadaka.

Sheria inawapa wananchi silaha za kuulizia, na si silaha za mapanga. Kaunti hutakiwa kuweka mpango wake wa maendeleo wa mwaka ifikapo tarehe 1 Septemba, waraka wa mwelekeo wa fedha ifikapo tarehe 28 Februari, na makadirio ifikapo tarehe 30 Aprili. Andikeni tarehe hizo kwenye kalenda ya parokia. Ada ya maji haiwezi kupandishwa kihalali bila tangazo na nafasi ya wananchi kutoa maoni. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kumjibu raia aliyeomba habari. Sheria ya Miji na Majiji inawaruhusu wakaazi kukutana katika mabaraza yao ya wananchi. Kanisa lina ukumbi, lina viti, na lina watu wanaojua kusoma. Ukumbi huo utumike Jumamosi moja kukisoma kitabu cha makadirio kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama, ukurasa kwa ukurasa.

Hatuwezi kumaliza bila kujikosoa sisi wenyewe. Wamo miongoni mwetu waliojiunganishia bomba usiku. Ziko taasisi za heshima, na hata nyumba za ibada, ambazo hazijalipa ankara kwa miaka na zinategemea jina lao ili zisikatiwe. Anayeiba maji hamwibii gavana. Anamwibia mjane aliye mwisho wa bomba, ambaye kwake maji hayafiki. Tukitaka daftari la kampuni liwe safi, letu liwe safi kwanza.

Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliufundisha ulimwengu kwamba mazingira, utawala wa watu na amani ni miguu mitatu ya kigoda kimoja. Aliulinda mti ili mto uishi. Kazi tuliyoachiwa ni kulifuata tone lile kutoka msituni hadi mferejini, na shilingi yake kutoka dirisha la malipo hadi kwenye bomba lililopasuka.

Twendeni basi kwenye mkutano ujao, tukiwa wengi kuliko viti. Na afisa atakapofungua kitabu, sote kwa pamoja na kwa adabu tumwulize swali la yule mama: maji yetu yako ukurasa gani? Tusiketi kabla hajatuonyesha.