UCHAMBUZI: Sauti ndiyo inayoamua kikosi cha Kikoneni kitacheza na nani

MASHINDANO ya michezo ya video yameacha kuwa utani wa watoto. Mnamo 2024, jiji la Riyadh nchini Saudi Arabia liliandaa Kombe la Dunia la michezo hiyo na kutenga zaidi ya dola milioni 60 za zawadi. Mwaka uliofuata, 2025, fungu hilo lilipita dola milioni 70. Miongoni mwa michezo iliyoshindaniwa ni ile inayochezwa kwa simu ya mkononi, chombo ambacho kijana wa Kikoneni anacho mfukoni kama alivyo nacho kijana wa Seoul.

Hapa Kenya, mjadala kuhusu michezo hiyo umeelemea mambo makubwa makubwa: mashirikisho, wadhamini, na iwapo serikali itaitambua kama inavyoitambua kandanda. Kuna jambo moja dogo linalosahaulika, nalo ndilo linaloamua ni nani hasa atakayeshiriki. Jambo lenyewe ni jinsi wachezaji wanne au watano walio mbali mbali wanavyosikilizana wakati mchezo unaendelea.

Si ajabu kwamba Mkenya aliyevuma zaidi katika fani hii, Sylvia Gathoni anayejulikana kama Queen Arrow, alijipatia jina katika Tekken, mchezo ambao mtu mmoja hupambana na mwenzake mmoja. Mchezaji wa aina hiyo hahitaji kuzungumza na yeyote. Michezo ya vikosi kama vile PUBG Mobile, Free Fire, Call of Duty: Mobile na Mobile Legends ina sharti jingine. Asiyesikika ni sawa na asiyekuwepo.

Tuchukue mfano wa kikosi cha vijana watano. Watatu wako Kikoneni, katika wadi ya Pongwe/Kikoneni, eneobunge la Lunga Lunga. Mmoja yuko Msambweni na wa tano anafanya kazi Ukunda. Wana simu za bei nafuu, hawana kompyuta, na intaneti yao ni ile ya kununua kidogo kidogo kwa siku. Je, watumie chombo gani?

Hofu ya kwanza ya wengi ni gharama. Hofu hii haina mashiko makubwa. Sauti inayorushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, kiwango ambacho Discord hukitumia kwa kawaida, hula takriban megabaiti 29 kwa saa nzima ya mtu mmoja kuongea bila kupumua. Ikipunguzwa hadi kilobiti 32, inabaki megabaiti 14 na ushei, bila kuhesabu maelezo ya ziada yanayoandamana na kila pakiti. Teknolojia inayobana sauti hiyo, iitwayo Opus, ilipitishwa kuwa kigezo cha kimataifa mwaka 2012, na kwa usemi wa kawaida kilobiti 32 zinatosha kabisa. Kinachomaliza fedha za kijana ni kupakua mchezo wenyewe na kuuhuisha kila mara, kazi inayoweza kula gigabaiti nzima kwa mkupuo mmoja.

Tatizo halisi ni umbali na muda. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) unapendekeza kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo wa msemaji hadi sikio la msikilizaji iwapo mazungumzo yanatarajiwa kwenda vizuri. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka Mombasa hadi London ni karibu kilomita 7,000 hata kama waya ungenyooshwa kama uzi, kwa hivyo milisekunde 35 zinapotea njiani kabla mitambo haijaanza kuchelewesha. Jumlisha mnara wa simu ulioelemewa, simu yenye kumbukumbu ndogo na mvua ya masika, na neno "rudi" litamfikia mwenzako akiwa amekwisha kuuawa.

Kwa sababu hii, swali la kuuliza kuhusu chombo chochote cha sauti ni seva yake iko wapi. Discord ina seva za sauti nchini Afrika Kusini, na mwenye kuunda chumba cha mazungumzo anaweza kuchagua eneo hilo au kuiachia programu ichague yenyewe. Vijana wetu watano wanafaa kujaribu njia zote mbili jioni moja na kulinganisha, kwani njia fupi kwenye ramani si lazima iwe njia fupi kwenye waya.

Mei 12, 2024 ilitoa funzo. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na intaneti ikazorota katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Vijana wawili walio kilomita chache baina yao, ambao sauti zao hupitia Johannesburg, walikuwa katika hali sawa na mtu anayejaribu kuzungumza na jirani kwa kupitia nchi nyingine.

Njia ya kuepuka mzunguko huo ipo, na si mpya. Mumble, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua na kuiendesha, imekuwepo tangu 2005. Seva yake ni nyepesi kiasi cha kutosheka na kompyuta ndogo ya zamani, au sehemu ya seva ya kukodi jijini Nairobi au Mombasa. Wenye simu za Android huitumia kupitia programu iitwayo Mumla. Seva ikiwa humu nchini, sauti ya Kikoneni inaweza kufika Ukunda kupitia KIXP, kituo ambako kampuni za intaneti za Kenya hubadilishana mawasiliano yao bila kuyapeleka ng'ambo.

Hata hivyo, haifai kuwapa vijana matumaini ya bure. Seva ya mchezo wenyewe huwa mbali, na waya ukikatika mchezo utakwama hata kama sauti ni safi kama kengele. Isitoshe, Mumble inahitaji mtu wa kuitunza, kubadilisha nywila na kuiwasha upya umeme unapopotea. Kikosi kisicho na mtu wa aina hiyo kitajikuta nje siku ya mashindano.

Ziko njia rahisi zaidi. Karibu michezo yote mikubwa ina kipaza sauti ndani yake. Kwa wanaoanza, hiki ndicho chombo bora, kwani hakihitaji programu ya pili na hakiiongezei mzigo simu dhaifu. Udhaifu wake ni kwamba mawasiliano yanaweza kukatika mechi inapokwisha, na kocha au mchezaji wa akiba asiyekuwa ndani ya kikosi hawezi kusikiliza mazoezi. Timu inayotaka kujirekebisha baada ya kushindwa inahitaji chumba kinachobaki wazi.

WhatsApp nayo tayari iko katika simu ya kila mtu, na tangu Novemba 2023 makundi makubwa yanaweza kufungua mazungumzo ya sauti bila kuzipigia simu zote kengele. Inafaa kwa kupanga saa za mazoezi. Lakini kila mwanachama huiona namba ya simu ya mwenzake, jambo ambalo mzazi mwenye binti wa miaka 14 ana haki ya kulikataa pindi kikosi kinapoanza kualika wachezaji wasiojulikana.

Vyombo vingine, kama TeamSpeak iliyoanza 2001 na Ventrilo ya 2002, vilibuniwa enzi za kompyuta za mezani na vingali na wafuasi huko. Kwa kikosi cha simu tupu, havina faida ya kutosha kuhalalisha usumbufu.

Kuna pia mambo madogo ambayo hayagharimu chochote. Spika za masikioni za waya ni bora kuliko zile za Bluetooth, kwani hizi za pili huchelewesha sauti na kushusha ubora wake mara kipaza sauti kinapowashwa. Anayetumia Discord azime kipaza sauti cha mchezo, la sivyo programu mbili zitagombania kifaa kimoja. Kitufe cha kubonyeza ndipo uongee kinawaepushia wenzako muungurumo wa bodaboda na kuku wa uani.

Aidha, lugha yenyewe ni chombo. Ujumbe ulioandikwa tayari ndani ya michezo hii aghalabu ni wa lugha za kigeni. Sauti haina mipaka hiyo. Kikosi kinaweza kukubaliana juu ya maneno kumi mafupi ya Kiswahili au Kidigo, kila neno likiwa na maana moja tu, na mtu mmoja pekee akapewa mamlaka ya kuamuru vita vinapochacha. Kikosi chenye nidhamu hiyo kinaweza kufidia sehemu ya udhaifu wa mtandao wake, kwa kuwa neno moja lililopotea halipotezi sentensi nzima.

Swali la mwisho ndilo zito zaidi: ni nani anayeshika ufunguo? Oktoba 2024, Urusi na Uturuki ziliifunga Discord, na vikosi vilivyoitegemea vikalazimika kutafuta kwingine. Mei 5, 2025, Skype iliyoanza 2003 ilizimwa na wenyewe. Karibu zaidi na Kikoneni, ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga, intaneti ilikatizwa Tanzania siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, na hali ikaendelea kwa siku kadhaa. Kikosi chenye mchezaji mmoja Tanga kilikuwa na pengo ambalo hakuna programu ingeliziba. Kenya nayo si kisiwa: Novemba 2024, Telegram ilizuiwa kwa saa za mitihani ya kitaifa kwa madai ya kuzuia udanganyifu.

Upande wa watoto nao una hatari zake. Oktoba 2025, Discord ilitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watumiaji wapatao 70,000, zilizowasilishwa kuthibitisha umri, huenda zilifikiwa na wahalifu kupitia kampuni iliyokuwa ikiihudumia. Discord hairuhusu watoto wa chini ya miaka 13, na tangu Septemba 2024 imeanza kufumba mazungumzo ya sauti ili asiyehusika asiyasikie. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa. Lakini sheria haikai ndani ya chumba cha mazungumzo saa nne za usiku. Hapo panahitajika mtu mzima anayejulikana, mwenye uwezo wa kumtoa nje mgeni mwenye lugha chafu au anayemwomba mtoto waongee faraghani.

Ikizingatiwa haya yote, uamuzi wa busara kwa kikosi kama hiki ni wa hatua tatu. Kianze na sauti ya ndani ya mchezo. Kikianza mazoezi ya kila wiki, kihamie Discord, chumba kikiwa cha mwaliko pekee, sauti ikishushwa hadi kilobiti 32, na ufunguo wa chumba ukawa mikononi mwa watu wawili, mmoja wao akiwa mtu mzima. Kisha kiandae njia ya pili, Mumble au hata kundi la WhatsApp la wachezaji peke yao, na kiifanyie majaribio mara moja kwa mwezi badala ya kuisubiri siku ya balaa.

Lakini si haki mzigo huu wote uwaangukie vijana. Serikali ya kitaifa imeahidi kituo cha kidijitali katika kila mojawapo ya wadi 1,450 nchini, pamoja na kilomita 100,000 za nyaya za mawasiliano. Vituo hivyo vikihesabiwa kwa idadi ya kompyuta na picha za ufunguzi pekee, havitamfaa kijana wa Pongwe/Kikoneni anayehitaji intaneti thabiti jioni, baada ya shule na shamba. Saa za kufunguliwa, mtu mzima wa kusimamia, na seva ndogo ya sauti ya kaunti ni mambo ya gharama ya chini yakilinganishwa na majengo.

Kwale ina sababu yake ya kulitazama suala hili kwa makini. Uchimbaji wa madini wa Base Titanium ulikoma Desemba 2024, na utalii wa Diani hauwezi kuwaajiri wote. Ni kweli kwamba michezo ya video haitaziba pengo hilo, na anayewaambia vijana kwamba watatajirika Riyadh anawahadaa. Ila ujuzi wa kuendesha seva, kulinda nywila na kuratibu watu watano wasioonana ni ujuzi uleule unaotafutwa na waajiri wa mbali.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vitano visivyosikilizana havitaweza pia. Kabla ya kaunti au shirikisho kununua vikombe na jezi, ni vyema ihakikishwe kwanza kwamba mtoto wa Kikoneni akisema "nyuma yako", mwenzake wa Ukunda atamsikia kwa wakati.