Urban Reign: Tamu Kwenye Benchi, Chungu Kwenye Mfuko

Wapenzi wa gemu za ngumi wana ugomvi wao usioisha, na pale Zagayu, upande wa Bariadi, ugomvi huo una jina: Urban Reign. Kuna kundi linaloapa kwamba hakuna gemu ya kuzichapa kwenye PS2 inayoifikia. Kuna kundi lingine linasema ni tapeli tu, inakula hela na hairudishi kitu. Safari hii mambo yamepamba moto kwa sababu mwenye banda mmoja anataka kuifuta kabisa kwenye flashi yake, TV zote zibaki za mpira. Vijana wamenuna. Na kusema ukweli pande zote mbili zina hoja, ila huyo mwenye banda kosa analitafuta pasipo.

Kwa waliozaliwa juzi: Namco, walewale wa Tekken, waliitoa mwaka 2005 kwa PS2 peke yake. Haikuwahi kwenda Xbox. Unakuwa Brad Hawk, njemba ya kukodiwa anayeingia mji wa Green Harbor kumpigania Shun Ying Lee, mwanamama mwenye genge lake na maadui kila kona. Hadithi ndiyo hiyo, usitegemee kulia. Wahakiki wa nje kipindi kile waliipa alama za katikati, wakalalamika kwamba inajirudiarudia. Hawakudanganya. Lakini wengi wao walikuwa wanaipima kama gemu ya mtu mmoja sebuleni kwake, wakati utamu wake uko kwingine kabisa.

Kwanza, haina kitufe cha kujikinga. Hapo ndipo wengi wanapochukia siku ya kwanza na kuipenda siku ya tatu. Kwenye Tekken ukizidiwa unarudi nyuma, unajikunja, unasubiri. Huku ni lazima ukwepe kwa wakati wake. Ukibonyeza mapema umekula ngumi, ukichelewa umekula ngumi. Ukipatia, jamaa anapita pembeni na mgongo wake uko wazi, na benchi zima linapiga kelele kana kwamba kuna mtu kafunga goli la dakika ya tisini.

Halafu kuna ile habari ya viungo. Mwili wa kila mtu umegawanywa: kichwa, juu, chini. Ukimganda mtu miguu tu, miguu inaumia kweli, na ikishavunjika kila teke la hapo linamfikisha pabaya. Kwa hiyo hata mtu asiye na kasi ya vidole anaweza kushinda kwa akili. Pale bandani kuna msusi mmoja, binti mpole hata salamu yake ni ya chini, ambaye kazi yake ni miguu tu. Vijana wanaojifanya miamba wanakuja na kombo zao za kurukaruka, yeye anachapa magoti taratibu mpaka wanaanza kulaumu pedi. Pedi mbovu! Kila anayechapwa na yule binti pedi yake ni mbovu.

Weka na mabomba, marungu na visu vya kuokota, weka na Paul Phoenix na Marshall Law wa Tekken ambao nao wamo humo, uone kwa nini watu hawataki iondoke.

Lakini kikubwa zaidi ni upande. Hii si gemu ya mmoja kwa mmoja kama Tekken, ambapo wawili wanacheza na kumi wanasubiri huku wakitoa ushauri wa bure. Humu watu wanaweza kupangwa wawili kwa wawili. Ukiwa na multitapi wanaingia binadamu wanne, ingawa kupata multitapi nzima kwa mikoa yetu ni kama kupata pedi ambayo haijawahi kurushwa chini. Hata kwa pedi mbili tu, wawili wanakaa upande mmoja na kuipiga kompyuta. Watu ambao hawajuani kabisa, mmoja kashuka na baiskeli kutoka shambani na mwingine anasubiri bodaboda yake itengenezwe, wanajikuta wanapigiana kelele, "Nyuma yako! Nyuma yako!" Mpira haufanyi hivyo. Mpira unawagombanisha.

Sasa machungu, maana yapo na si madogo.

Njia kuu ya gemu ni misheni 100. Mia moja, za mchezaji mmoja tu. Namco walitengeneza gemu ambayo utamu wake ni kuwa wawili, wakaweka sehemu yake ndefu kuliko zote kwa mtu mmoja. Nani alikaa kikao akakubali jambo hili? Hata pale misheni inapokupa mwenzako wa kukusaidia, anaendeshwa na kompyuta, na mara nyingi ndiye wa kwanza kulala chini.

Misheni hizo zinarudia mitaa ileile na sura zilezile. Ugumu nao haupandi ngazi, unaruka. Unapita tatu ukicheka, ya nne inakuweka nusu saa nzima, maana maadui wanakwepa kana kwamba wanasoma mawazo yako. Mtu mwenye PS yake nyumbani anaweza kuzima akalala. Anayelipia muda hawezi. Kwake ile nusu saa ni jero imekwenda, yuko palepale, na watu wamemwona.

Baya kuliko yote, wapiganaji wengi wamefungiwa. Lazima uzivuke misheni ndipo wafunguke, na kufunguka kwao kunatunzwa kwenye memori kadi. Hapa ndipo kisanga cha Zagayu kilipo.

PS2 nyingi za mabandani siku hizi hazisomi diski. Lenzi zilishakufa zamani, na Sony waliacha kutengeneza mashine hizo Januari 2013, kwa hiyo mafundi wakaja na njia ya kusomesha gemu kwenye flashi. Programu ya kuwashia inakaa kwenye memori kadi. Maana yake ni kwamba kadi ipo, imechomekwa saa zote. Tatizo ni kwamba mwenye banda amepiga marufuku kusevu. Anaogopa mtu asije akafuta ile programu kwa bahati mbaya, PS ikabaki pambo, aanze kumsafirisha fundi kutoka Bariadi mjini. Hofu yake inaeleweka, sehemu ya ugali wake iko kwenye kile kipande cha plastiki.

Ila matokeo yake ndiyo haya: kila anayeingia anaanza misheni ya kwanza. Yule msusi amepigana misheni ya kwanza mara nyingi kuliko mara alizoandika jina lake shuleni. Umeme ukikatika, umeanza upya. Muda ukiisha, umeanza upya. Wachezaji wote wa Zagayu wanajua mwanzo wa Urban Reign na karibu hakuna anayejua mwisho wake.

Karibu, kwa sababu yupo mmoja. Dereva bodaboda fulani anayo kwenye simu, kupitia AetherSX2, ile programu ya kuendesha gemu za PS2 kwenye Android ambayo mwenyewe aliacha kuiendeleza mwanzoni mwa 2023. Humo anasevu anavyotaka. Amemaliza zote mia, wapiganaji wote wamefunguka, na haachi kuwaambia watu. Lakini mtazame anavyocheza: kainama kijiweni, gumba zinateleza kwenye kioo, peke yake. Ana Urban Reign nzima na hana wa kumpiga. Jioni anakuja bandani kulipia ileile aliyonayo bure mfukoni, na hakuna anayemshangaa.

Tukirudi kwa mwenye banda, hesabu zake si za kijinga. Mechi ya mpira inaisha kwa dakika chache, aliyefungwa analipa na kumpisha mwingine. Urban Reign inalipiwa kwa muda, mtu anakwama, anatoka na hasira, kesho haji. Anaona gemu inamfukuzia wateja. Kinachowafukuza ni kuwauzia ile sehemu mbaya ya gemu, misheni za mtu mmoja zisizosevika, huku ile nzuri ikikaa bure.

PS2 ina matundu mawili ya kadi. La kwanza aliache na programu yake, asiguse mtu. La pili achomeke kadi ya mtumba, ampe dereva bodaboda pedi usiku banda likishafungwa, jamaa afungue wapiganaji wote. Atafanya hivyo kwa sifa tu, wala halipwi. Baada ya hapo misheni zisahaulike mchana. Iwe wawili kwa wawili, kwa raundi, waliopigwa wanalipa, kama mpira. Atakayetaka misheni aje asubuhi benchi likiwa tupu.

Wapo wanaosema bora ifutwe kwa sababu inafundisha watoto fujo. Watoto wa shule hawatakiwi bandani saa za masomo hata kama kinachochezwa ni draft, na kwa hilo mwenye banda anasifiwa, sare hazivuki mlango wake. Ila wanaobaki ni watu wazima wenye hela zao, na pale kijijini sehemu ambayo binti anaweza kukaa benchi moja na vijana, akawachapa na wakamheshimu, hazihesabiki kwa vidole vya mkono mmoja. Zinahesabika kwa kidole.

Msimu wa pamba unakaribia, mifuko itanona na banda litajaa. TV ni mbili. Mpaka jana usiku Urban Reign ilikuwa bado kwenye flashi, na msusi alikuwa misheni ya sita.