Gemu Linaloongea Kiswahili

Likizoni nilicheza gemu la Tales of Kenzera: Zau, lililotoka Aprili 2024. Nimelicheza siku mbili tu, lakini maoni ninayo.

Si pana kama Elden Ring ya 2022, ambamo mchezaji huenda popote atakapo. Hapa njia ni nyembamba, na nimeuawa mara nyingi! Lakini jamani, wahusika wanaongea Kiswahili. Zau, mganga kijana, anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, ili babake arudi. Mbunifu wake, Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alilitunga akimwomboleza babake mwenyewe.

Wapo wanaosema ati gemu ni upuuzi wa watoto wa mjini. Mimi nakataa. Kufiwa kunauma Nyamira kama kunavyouma London. Swali langu ni hili: Sakawa, nabii wa Abagusii, na milima ya Manga, nani atavitungia gemu? Nyanya zetu wanazeeka na emegano, hadithi zetu za kale. Shime tuziandike kwa Kiswahili kabla hawajatutoka. Mcheza kwao hutunzwa.