Kwoli si paka, mfundishe mtoto jina lake

Mtoto akikuuliza wanyama wa Australia, usiishie kwa kangaruu. Yupo pia kwoli, mla nyama mdogo mwenye madoa meupe mgongoni. Aina nyingine hazifiki hata kilo 2. Huwinda usiku, hula wadudu, panya na ndege, na jike huwalea watoto katika mfuko wa tumboni kama kangaruu.

Jina lake lina historia. Mwaka 1770 meli ya James Cook iliharibika na kutengenezwa kaskazini mashariki mwa Australia. Wenyeji wa hapo, watu wa Guugu Yimithirr, walikuwa na jina la mnyama huyu, na humo ndimo lilimotoka neno kwoli. Hata hili neno kangaruu tunalolitumia sisi lilitoka kwao.

Kangaruu alibaki na jina lake, lakini kwoli alinyang'anywa. Walowezi walimwita "paka wa kienyeji". Hana undugu wowote na paka! Kwa kuwa aliiba kuku, wafugaji walimuua kwa mitego na sumu. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa wanyama David Fleay alihimiza jina kwoli lirudishwe. Miaka hiyohiyo kwoli wa mashariki alitoweka bara, akabaki kisiwa cha Tasmania.

Kwa nini jina ni muhimu? Paka tunao tele kila mtaa. Ukiambiwa paka wamepungua, utashtuka? Lakini kwoli akiisha, hakuna wa kuziba nafasi yake.

Hatari bado ipo. Mwaka 1935 vyura wenye sumu waliingizwa Queensland ili wale wadudu wa miwa. Kwoli wa kaskazini akimla chura huyo, hufa. Watafiti wamejaribu kuwapa kwoli soseji za nyama ya chura zenye dawa ya kichefuchefu. Wazazi mnaijua hali hii: mtoto akila kitu kikamtapisha, siku nyingine hakigusi tena.

Nyumbani kwako je? Mtoto akikuletea mdudu au jani, usimjibu tu "ni kama" kitu fulani. Kama hulijui jina, mpeleke kwa bibi au babu, wamwambie kwenu kinaitwaje. Bado wapo wa kuwauliza.